Panya wa nyanda za Kanada: kuwazuia nyumbani, bandani na ghalani kabla ya baridi

Kila mwaka mavuno ya ngano na kanola (zao la mbegu za mafuta) yakianza, maswali huwa yale yale. "Nimeona panya jikoni, ninunue sumu gani?" "Paka mmoja anatosha?" "Naweza kutumia vile vidonge vya kuhifadhia mahindi tulivyozoea nyumbani?" Wengi wanaouliza ni ndugu zetu waliofika Brooks (Alberta) au Brandon (Manitoba) kufanya kazi kwenye viwanda vya nyama, halafu wakapata nyumba ya shambani yenye uwanja wa kufugia kuku. Mwongozo huu ni wao, na wa yeyote anayekaa nyumba ya zamani kijijini Alberta, Saskatchewan au Manitoba.

Jibu la mkato ni hili: ziba kwanza, tega pili, kisha safisha kwa maji yenye dawa. Sumu iwe ya mwisho kabisa, na mara nyingi hutaihitaji. Ukianza na sumu bila kuziba, utaua panya mpaka Aprili huku wenzao wakiingia kwa tundu lile lile.

Fanya kazi hii mwishoni mwa Agosti au Septemba. Mashine za kuvuna zikishapita, chakula na maficho ya shambani huondoka kwa siku chache tu. Usiku unaanza kuganda, na kila panya aliyeko jirani anatafuta ukuta wenye joto.

Mjue unayepambana naye

Kuna panya wadogo wa aina mbili utakaokutana nao zaidi. Wa kwanza ni panya wa nyumbani: rangi ya kijivu au kahawia mwili mzima, mkia wa rangi moja, na harufu ya mkojo inayokukaribisha ukifungua kabati. Wa pili ni panya wa porini ambaye wenyeji humwita deer mouse. Ana macho makubwa meusi, masikio makubwa, tumbo na miguu myeupe, na mkia wake ni kahawia juu na mweupe chini, kama uliopakwa rangi mbili kwa rula.

Huyu wa pili ndiye wa kuogopwa. Hubeba virusi vya hanta kwenye mkojo, kinyesi na mate. Uchafu huo ukikauka, wewe ukaja na ufagio, vumbi linapanda na unalivuta. Ugonjwa wa mapafu unaoletwa na virusi hivyo ulitambuliwa mwaka 1993 kusini magharibi mwa Marekani, na kwa Kanada wagonjwa wengi hutoka majimbo ya magharibi, yaani huku huku tunakoishi. Ni ugonjwa wa nadra. Lakini kati ya kila watu 10 wanaoupata, watatu au wanne hufariki, na hauna chanjo wala dawa yake maalumu. Kwa kuwa ukiona kinyesi tu huwezi kujua ni cha panya yupi, chukulia daima kuwa ni cha yule wa porini.

Panya mkubwa, ambaye wenyeji humwita rat, ni habari nyingine. Kinyesi cha panya mdogo kina urefu wa milimita 3 hadi 6 na ncha zilizochongoka. Cha panya mkubwa huzidi milimita 12. Ukiona cha namna hiyo na uko Alberta, piga simu 310-7287 mara moja. Jimbo hilo linapigana na panya wakubwa tangu 1950, lina ukanda wa ulinzi wa upana wa kilomita 29 hivi kwenye mpaka wa Saskatchewan, kutoka Cold Lake hadi Montana, na hata kumfuga panya huyo ni kosa. Ukiwa Saskatchewan, uliza ofisi ya manispaa yako ya kijijini. Nyingi zina afisa wa kazi hiyo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tochi kali na penseli ya kawaida
- Stilwaya ya kusugulia sufuria, ya chuma kisichoshika kutu ukiipata
- Silikoni ya kuziba pamoja na bunduki yake
- Wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6, na mkasi wa kukatia bati
- Mpira au brashi ya kufunga chini ya mlango
- Mitego ya kubana ya mbao au plastiki, isipungue 12
- Siagi ya karanga
- Jiki, chupa ya kupulizia, karatasi za kufutia, mifuko ya taka
- Glovu za mpira na barakoa ya N95
- Mapipa ya chuma yenye mifuniko ya kubana, kama unafuga kuku

Mitego 12 huwashangaza watu. Wananunua miwili, wanaiweka nyuma ya jiko, wanakamata mmoja na kutangaza ushindi. Jike mmoja hubeba mimba siku 20 hivi na huzaa watoto watano au sita kwa mkupuo, mara kadhaa kwa mwaka. Lazima uwakamate kwa kasi inayozidi ile ya kuzaa.

Hatua kwa hatua

1. Zunguka nyumba kwa nje, mchana, ukiwa na penseli. Penseli ikipita kwenye tundu, panya mdogo anapita pia. Tundu la milimita 6 linamtosha. Piga magoti. Angalia pale ukuta unapokutana na msingi, bomba la maji linapoingia, nyaya za umeme, bomba la gesi, kona za mlango wa gereji, na madirisha ya chumba cha chini ya ardhi. Kwenye nyumba za miaka mingi, mbao za chini huwa zimeachana na zege kiasi kwamba kidole kinaingia. Usisahau nyumba za kuhamishika: mabati yanayofunika chini yake hulegea, na humo ndani sufu ya kuzuia baridi ndiyo kitanda cha panya. Kila tundu liwekee alama ya chaki.

2. Ziba. Sokomeza stilwaya mpaka ijae tundu zima, kisha funika kwa silikoni ili isichomoke. Tundu kubwa lipigie wavu wa chuma kwa skrubu. Mlango ukionyesha mwanga chini yake, funga brashi. Povu la kupulizia peke yake halifai. Panya hulitafuna usiku mmoja. Kama unalo, litumie juu ya stilwaya.

*Onyo:* Usizibe mabomba ya tanuri la kupashia nyumba joto, la kuingizia hewa wala la kutolea moshi. Kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri wavu mdogo huganda barafu, hewa inakosa njia, na gesi ya monoksidi ya kaboni inaweza kuwaua mkiwa usingizini. Tundu la mashine ya kukaushia nguo nalo usiliwekee wavu, kwa sababu nyuzi za nguo hujazana hapo na kushika moto. Nunua kifuniko chake chenye ulimi unaojifunga.

3. Ondoa chakula na maficho. Unga, mchele, maharage na dagaa, vyote viingie kwenye makopo ya kioo, chuma au plastiki ngumu. Gunia la mchele la kilo 20 lililosimama sakafuni chumba cha chini ni karamu ya miezi mitatu. Chakula cha mbwa usikiache kwenye bakuli usiku. Nje, kata nyasi ziwe fupi karibu na ukuta, na kuni zisogeze mbali na nyumba, juu ya magogo au mbao zilizoinuka sentimita 30. Ukiweza, mwaga kokoto upana wa mita moja kuzunguka msingi. Panya hapendi kuvuka eneo la wazi.

4. Tega. Panya hutembea akigusa ukuta kwa ndevu zake. Kwa hiyo mtego usiuweke katikati ya sakafu, wala usiulaze sambamba na ukuta. Ulaze sakafuni ukiutazama ukuta, kama herufi T, upande wenye chambo ukigusa ukuta. Weka mmoja kila mita mbili au tatu mahali penye kinyesi: chini ya sinki, nyuma ya jokofu, pembeni mwa tanuri, kwenye ngazi za kushukia chini. Siagi ya karanga iwe kidogo sana, ncha ya kijiko, na uikandamize ndani ya kishikio ili asiilambe na kuondoka. Oktoba, jike anapotafuta kitu cha kutandikia, kipande cha uzi au pamba kilichofungwa kwenye kishikio kinavuta kuliko chakula.

Nyumba yenye watoto wadogo, tia mtego ndani ya boksi lenye tundu dogo, au uweke nyuma ya kifaa kizito ambako mkono wa mtoto haufiki.

Gundi ya panya siipendekezi hata kidogo. Panya aliyenasa akiwa hai huhangaika na kukojoa hovyo, na mkojo ndio wenye virusi. Tena ni mateso yasiyo na sababu. Mtego wa kumkamata akiwa mzima una tatizo lile lile la mkojo.

5. Kagua kila asubuhi. Vaa glovu. Mpulizie panya aliyekufa na mtego wake maji ya jiki (kipimo nakieleza hapo chini), subiri dakika 5, mtie kwenye mfuko, funga, tia ndani ya mfuko wa pili, kisha peleka kwenye pipa la taka la nje. Endelea kutega mpaka wiki mbili zipite bila kukamata wala kuona kinyesi kipya.

6. Safisha, lakini usifagie. Hapa ndipo watu wanakosea zaidi, kwa sababu sisi tumelelewa tukiona uchafu tunashika ufagio. Mashine ya kufyonza vumbi ni mbaya zaidi, maana inapuliza hewa nyuma. Fuata mpangilio huu:

Fungua milango na madirisha, toka nje kwa dakika 30. Vaa glovu na barakoa. Changanya kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo tisa vya maji, mchanganyiko wa siku hiyo hiyo. Pulizia kinyesi, mkojo na kiota mpaka vilowe kabisa, kwa mkono mwepesi ili visiruke. Subiri dakika 5. Okota kwa karatasi, tia kwenye mfuko. Kisha futa sakafu na rafu nzima kwa mchanganyiko ule ule. Nguo na mashuka yaliyoguswa na panya yafue kwa maji ya moto. Osha glovu zikiwa bado mikononi, zivue, halafu nawa mikono kwa sabuni.

Jiki usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya madirisha yenye amonia. Gesi inayotoka inachoma mapafu.

7. Banda, stoo na magari. Chakula cha kuku kikae kwenye pipa la chuma, na jioni ondoa kilichomwagika. Banda lililofungwa majira yote ya baridi, lifungue milango kwanza na ukae mbali nusu saa kabla ya kuingia. Gari au trekta lililoegeshwa muda mrefu, fungua boneti na utazame kichujio cha hewa. Viota vyao hupenda kuwa humo, na nyaya zilizotafunwa ni gharama kubwa. Weka mitego miwili sakafuni karibu na magurudumu.

Kuhusu paka: wa bandani anasaidia, mpe chanjo na umweke huko huko. Hawezi kuingia ukutani kuwafuata, na chakula chake kikiachwa wazi kinalisha panya pia.

Nafaka ghalani

Ukiweka ngano au shayiri ya kuku kwenye ghala la chuma, adui wa huku si yule dumuzi wa mahindi tunayemjua Tanzania. Ni kimdudu bapa, chekundu-kahawia, urefu wa milimita 2 hivi, chenye vipapasio virefu. Hupenda nafaka iliyo vuguvugu na yenye unyevu.

Huku baridi ndiyo dawa, na ni ya bure. Katikati ya nafaka pakishuka nyuzi 5 chini ya sifuri na kubaki hapo wiki 12, wadudu hao hufa. Nyuzi 10 chini, wiki 8. Nyuzi 15 chini, wiki 4. Nyuzi 20 chini, wiki moja. Angalia neno "katikati". Nje panaweza kuwa na theluji ya magoti huku moyo wa ghala ukiwa bado na joto la Septemba, kwa kuwa nafaka haipitishi baridi upesi. Washa feni siku za baridi kavu, na pima kwa fimbo yenye kipimajoto iliyochomekwa ndani, si kwa kugusa bati.

Kukagua wadudu wakati wa baridi kuna ujanja wake. Chota nafaka kutoka katikati, tia kwenye chupa ya kioo, funga, lete ndani ya nyumba na uache kwa saa kadhaa. Mdudu aliyezubaa kwa baridi huonekana kama kipande cha pumba. Akipata joto anaanza kutembea kwenye kioo.

Usiingie ghalani peke yako kuchota, na usiingie kabisa nafaka ikiwa inatolewa kwa mashine. Inakumeza mpaka kiunoni kabla hujapiga kelele.

Sasa vile vidonge vya kuhifadhia mahindi. Hutoa gesi ya fosfini. Kanada ni kwa watu waliofunzwa na wenye leseni tu, na havitumiki ndani ya nyumba wanamolala watu. Februari 2015 huko Fort McMurray, kaskazini mwa Alberta, watoto wawili wa familia moja walifariki baada ya vidonge vya namna hiyo, vilivyoletwa kutoka nje ya nchi, kuwekwa chumbani ili kuua kunguni. Wazazi wale walitaka tu watoto walale vizuri. Nakuomba, ndugu yangu, kama una kopo la dawa yoyote uliyokuja nayo kwenye sanduku, usilifungue. Piga simu manispaa uulize mahali pa kupeleka kemikali za hatari.

Ukilazimika kutumia sumu ya panya

Nunua yenye namba ya usajili ya Kanada kwenye lebo, na fuata lebo hiyo neno kwa neno. Kwenda kinyume chake ni kuvunja sheria. Zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani huja zimefungiwa ndani ya kisanduku chake. Usikivunje uimwage. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Hutembea siku kadhaa, bundi au mbwa wako akamla, au akafia ukutani mkakaa na harufu. Mtoto au mtu mzima akimeza, piga kituo cha sumu: 1-844-764-7669. Akizimia au akishindwa kupumua, piga 911.

Mambo yakikwama

*Chambo kinaliwa, mtego haufyatuki.* Umeweka kingi mno, au kishikio ni kigumu. Punguza, na ufunge chambo kwa uzi.

*Kinyesi kipo, mitego mitupu.* Nyunyiza unga mwembamba sakafuni jioni. Asubuhi nyayo zitakuonyesha njia yao. Hamishia mitego hapo. Ikishindikana, iache na chambo siku tatu bila kuitega, wazoee, kisha itege yote usiku mmoja. Unga huo uufute kwa kitambaa chenye maji ya jiki.

*Walikwisha, wamerudi.* Kuna tundu hujaliona. Zima taa za chumba cha chini mchana na utafute mwanga unaopenya. Angalia pia juu: panya hupanda ukuta wa matofali au mti ulioegemea paa.

*Kelele darini jioni, kinyesi kinavunjika kuwa unga wenye kung'aa.* Huyo ni popo. Usizibe kati ya Mei na Agosti, maana watoto wasioweza kuruka watafia ndani. Usimshike kwa mkono mtupu kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

*Uwanja umejaa mashimo na wanyama wanaosimama wima mchana.* Ni kindi wa ardhini, gopher kwa wenyeji. Hawaingii nyumbani. Mashimo yao huvunja miguu ya ng'ombe na farasi, lakini udhibiti wao ni kazi ya mwenye shamba.

*Nyumba si yako.* Piga picha matundu na kinyesi, mtumie mwenye nyumba ujumbe wa maandishi wenye tarehe, na utunze nakala, hata kama ndiye mwajiri wako na mnaelewana. Maneno ya mdomo hayana ushahidi.

*Umepata homa baada ya kusafisha.* Dalili za hanta huanza kati ya wiki 1 na 8: homa, uchovu, maumivu ya mapaja na mgongo, kisha kikohozi na kukosa pumzi. Usisubiri kukosa pumzi. Alberta na Saskatchewan piga 811, simu ya ushauri wa afya, unaweza kuomba mkalimani; ukihema kwa shida ni 911. Kwa daktari, sema kabla ya jambo lingine lolote kwamba ulishika kinyesi cha panya, na lini. Siku za mwanzo ugonjwa huu unafanana na mafua, na asipoambiwa anaweza kukurudisha nyumbani na vidonge vya maumivu.